Namna ya Kumlea Daktari Mtafiti Kindu Bila Kumpoteza Ulaya

Mwongozo huu ni wa wakuu wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kindu, waganga wakuu wa zoni za afya za Maniema, waheshimiwa wanaogawa bajeti ya mkoa, na mzazi yeyote ambaye mtoto wake ametangaza mezani kwamba atakuwa munganga. Unamfaa pia mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kindu akiwa na boksi la barafu mkono mmoja na barua ya ruzuku mkono wa pili. Usomeni wote kabla ya kuanza, maana mtu akiharibiwa katikati ya njia haundwi upya.

Daktari mtafiti ni mtu mmoja mwenye kazi mbili. Asubuhi anazunguka wodini, anapima, anaandika dawa, anampokea mama aliyevuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli na mtoto mwenye homa mgongoni. Mchana anakaa mezani na kujiuliza kwa nini watoto waliopewa dawa ileile wamerudi na homa ileile. Kisha anatafuta jibu kwa njia ambayo mwenzake wa Kisangani, Nairobi au London anaweza kuikagua na kuirudia. Wasio na subira humwambia achague moja. Mwachieni zote mbili. Swali zuri la tiba huzaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na aliye karibu zaidi na kitanda hicho ndiye anayestahili kulishika swali hilo mpaka lipate jibu.

Maniema haianzi na mikono mitupu. Mara mbili ulimwengu umejifunza jambo kutoka hospitali za mkoa huu, mara ya kwanza Kasongo na mara ya pili Tunda, na habari hizo mtazikuta mbele. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mara ya tatu kalamu iko mkononi mwa mtoto wa hapa.

Mahitaji

Kijana mmoja msumbufu mwenye diploma ya serikali.

Miaka 7 ya kusomea udaktari, na mingine 4 au 5 juu yake. Msijaribu kuipunguza.

Madaftari ya hospitali, hata yale ambayo mchwa wameanza kuyaonja pembeni.

Friji moja isiyolala, na paneli za sola za kuiweka macho.

Mwalimu anayeweza kusema mbele ya wanafunzi wake, "Hapa nilikosea."

Mshahara mmoja unaofika tarehe yake.

Kamati ya maadili yenye watu wanaosoma kurasa zote, pamoja na ile ya mwisho.

Asiyepata vyote aanze na kijana, madaftari na mwalimu. Vingine vinaweza kuombwa, kuazimwa au kungojewa. Hivi vitatu havina mbadala.

Hatua ya 1: Mchagueni msumbufu

Katika kila ukumbi wa mihadhara kuna mwanafunzi mmoja anayenyoosha mkono wakati wenzake wamekwisha funga madaftari. Profesa amesema dozi ni hii; yeye anauliza imejulikanaje. Wenzake wanaguna, saa inakwenda, tumbo linadai sombe. Huyo ndiye. Mwandikeni jina kabla hajachoka kuuliza.

Shule zetu zimezoea kumzawadia anayeirudisha silabusi neno kwa neno kama alivyoinunua. Mwanafunzi huyo atakuwa daktari mzuri wa kufuata mwongozo, na mkoa unamhitaji sana. Lakini daktari mtafiti anatakiwa siku moja aandike mwongozo wenyewe, na kwa kazi hiyo kumbukumbu peke yake haitoshi. Mpeni jaribio dogo: mwagizeni akae wodi ya watoto siku nzima, kisha arudi na kitu kimoja tu. Akirudi na jibu, mshukuruni. Akirudi na swali ambalo hata daktari wa zamu hakuwa amelifikiria, mfungueni faili.

Tafuteni kwa bidii miongoni mwa mabinti. Binti aliyefika kitivo cha tiba Maniema amekwisha washinda wengi waliomwambia aolewe kwanza. Ukaidi wa namna hiyo ni mali ghafi ya utafiti, na ni hasara kubwa kuuacha upotee.

Mchukueni mapema, mwaka wa pili au wa tatu. Mkingoja amalize udaktari, mtamkuta ana madeni, ana familia, na ameshajifunza kwamba kuuliza kunapunguza marafiki.

Hatua ya 2: Mfungieni na madaftari

Utafiti wa kwanza wa mwanafunzi wa Kindu hauhitaji darubini ya umeme. Mwekeni ndani ya chumba cha kumbukumbu za hospitali, mpeni kalamu na maji ya kunywa, mfunge mlango. Ahesabu. Nani alilazwa, umri gani, kutoka kijiji gani, mwezi gani, kwa ugonjwa gani, na alitoka vipi.

Mambo mawili yatatokea. Kwanza ataona mifumo ambayo macho ya wodini hayawezi kuiona, kwa sababu daktari wa wodi humwona mgonjwa mmoja mmoja na daftari humwona mwaka mzima. Ataona kipindupindu kinavyopanda na kushuka pamoja na maji ya mto, na surua inavyorudi baada ya miaka michache, watoto wasiochanjwa wanapokuwa wengi. Pili, ataona matundu. Safu ya umri iko tupu. Kijiji kimeandikwa kwa tahajia nne. Mgonjwa ametoka, lakini hakuna ajuaye kama alitoka kwa miguu yake. Maniema ina zoni za afya 18, na taarifa za magonjwa hupanda kila wiki kutoka vituoni hadi Kindu, kisha Kinshasa. Mtumeni kijana afuate tarakimu moja, tangu kwa muuguzi aliyeiandika kituoni hadi kwenye jedwali la mkoa, aone inabadilika wapi na inapotea wapi. Akimaliza safari hiyo hatazisoma tena takwimu kwa kuziamini tu.

Anayedhani kazi hii ni ya karani asome habari za Denis Burkitt. Alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Badala ya kukata na kusahau, alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta uvimbe ule umeandikwa kwa majina tofauti na madaktari tofauti. Akachapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza nani amewahi kuuona. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, hospitali moja hadi nyingine. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe unafuata joto na mvua. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Safari hiyo yote ilianzia kwa daktari aliyekataa kumhesabu mtoto wa pili kuwa bahati mbaya tu.

Hatua ya 3: Mfundisheni kulinganisha, hata kama moyo unakataa

Hapa ndipo madaktari wengi wazuri huteleza, na huteleza kwa sababu ya wema. Mgonjwa mahututi amepewa dawa mpya, amepona, familia inaimba. Daktari anaapa kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Huenda ni kweli. Huenda pia angepona bila dawa hiyo. Wodi moja na furaha moja hazitoshi kuamua.

Mfundisheni somo hili kwa kisa cha Kikwit. Mwaka 1995 Ebola iliuingia mji huo na kuua takriban watu 8 katika kila 10 walioambukizwa. Jean-Jacques Muyembe na wenzake Wakongo waliamua kuwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Saba kati yao waliishi. Fikra ilikuwa sahihi na ujasiri ulikuwa mkubwa, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wataalamu wa nje walisema wagonjwa wale pengine walipata uangalizi bora, au walikuwa wamekwisha kuvuka siku mbaya zaidi. Hakukuwa na tarakimu ya kuwajibu.

Jibu lilikuja baada ya miaka 24. Watafiti walichukua damu ya mmoja wa walionusurika Kikwit, wakapata ndani yake kingamwili, wakaitengeneza kuwa dawa iliyoitwa mAb114. Kuanzia Novemba 2018, katikati ya mlipuko wa Kivu Kaskazini, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha, wakagawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeonyesha ubora. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila 100. Kati ya waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa 50 katika kila 100. Fikra ya 1995 ilikuwa na uzima ndani yake. Ilikosa mpango, maabara, fedha na watu waliofundishwa kufanya jaribio la haki huku wagonjwa wanaanguka.

Msimfiche kijana maana ya miaka 24. Ni watoto waliozaliwa, wakasoma, wakawa watu wazima, wakati swali linangoja. Daktari anayejua kulinganisha hufupisha ngojangoja ya aina hiyo. Mkumbusheni pia Victor Kande, daktari Mkongo aliyetumia maisha yake kupambana na malale. Dawa ya zamani ya ugonjwa huo ukishafika ubongoni, melarsoprol, ilikuwa na arseniki na iliua takriban mgonjwa 1 katika kila 20 waliochomwa. Kande na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 394, wengi wao katika hospitali za ndani kabisa za Kongo, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo ya vidonge vya fexinidazole, vinavyomezwa bila sindano. Hesabu iliyofanywa vizuri imewapa wagonjwa wengi wa malale vidonge badala ya sindano.

Hatua ya 4: Iibieni hospitali siku mbili kila wiki

Sasa atasimama mtu kwenye kikao na kutoa methali: mshika mbili moja humponyoka. Mkubalieni. Methali haikosei. Mtu akishikishwa wodi na utafiti katika saa ileile, utafiti ndio utakaomponyoka, kwa sababu mgonjwa analia na jedwali halilii. Dawa yake ni kuzitenganisha saa.

Kwa hiyo ibeni siku mbili, tuseme Alhamisi na Ijumaa, mziandike kwenye ratiba ya zamu kwa wino, na mganga mkuu atie sahihi. Siku hizo kijana haitwi kushona jeraha, hatumwi kumsindikiza mgeni wa wizara, hapewi semina ya kuhudhuria kwa ajili ya posho. Jirani akija mlangoni na kusema, "Docta, ni dakika mbili tu," mama wa nyumba ana ruhusa ya kujibu kwamba docta yuko kazini. Na yuko kazini kweli.

Msidhani tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Marekani ilianza mwaka 1964 kulipia masomo ya vijana wanaochukua udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka 1979 James Wyngaarden aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba daktari mtafiti ni kiumbe anayeelekea kutoweka. Sababu alizozihangaikia tunazijua huku: kliniki inalipa zaidi na mapema, utafiti unalipa kidogo na kwa kuchelewa. Ruzuku nyingi za Marekani za kumkuza mtafiti kijana hudai angalau robo tatu ya muda wake wote wa kazi. Sisi tunaomba mbili ya tano. Tumekuwa wapole.

Muda bila mafranga ni njaa yenye cheti. Daktari anayengoja mshahara huziba pengo kwa zamu za usiku katika kliniki za watu binafsi, na Alhamisi yake ya utafiti inakuwa siku ya kulala usingizi aliodai. Mkoa ukitaka siku mbili za akili yake, uzilipe. Na chuo kikipandisha watu ngazi, kutoka asistanti hadi profesa, kihesabu pia miaka aliyokaa wodini. Leo hospitali inahesabu wagonjwa, chuo kinahesabu makala, na anayefanya yote mawili anapata nusu ya heshima kila upande. Mpeni nzima mbili.

Hatua ya 5: Mfundisheni kuomba, na kungoja ajibiwe

Kijana amesoma tiba kwa Kifaransa kwa miaka saba. Fomu ya ridhaa imeandikwa Kinshasa au ng'ambo. Mama anayeombwa ruhusa anaongea Kiswahili cha Kindu, na mtoto wake ana homa. Hapo ndipo utafiti unapopata uhai au unapokufa. Mfanyisheni mazoezi kwa sauti, mbele ya mamama wa sokoni, mpaka wao waseme wameelewa. Mazungumzo yawe ya namna hii:

"Jambo, mama. Mtoto ameamkaje?"

"Ameamka kidogo, docta."

"Mama, kuna dawa mbili za ugonjwa huu. Zote zinaruhusiwa. Hatujui bado ipi inaponya upesi. Tunaomba mtoto apewe moja kati ya hizo kwa kura, na tumfuatilie. Ukikataa, tutamtibu vilevile, na hakuna atakayekukasirikia."

"Na damu yake mnaipeleka wapi?"

"Ni kidogo, haijazi kijiko. Inaenda maabara ya Goma. Ikionyesha kitu, mimi mwenyewe nitakuja kukuambia."

"Nimuulize papa yake kwanza."

"Muulize, mama. Nitangoja."

Neno la mwisho ndilo linalompa alama. Kijana anayeweza kusema atangoja, na akangoja kweli, hata kama nafasi katika jaribio inajazwa na mtu mwingine, amefaulu somo gumu kuliko takwimu. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini watu wengi walizipokea timu za afya kwa mashaka, vituo vilishambuliwa, na Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu huko Butembo. Vita ya huko ilikuwa na sababu zake nyingi ambazo daktari hawezi kuziondoa. Lakini imani ya mtaa ni kitu anachoweza kukijenga, na hujengwa kabla ya mlipuko, kwa kurudi kila mara alipoahidi kurudi.

Hatua ya 6: Mpelekeni mbali, mkiwa mmeshika kamba

Atahitaji kusafiri. Kuna mashine ambazo Kindu haina na walimu ambao hawapo hapa. Mpelekeni Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Mpelekeni Makerere au Muhimbili. Mpelekeni Kilifi, pwani ya Kenya, ambako tangu 1989 kituo cha utafiti kimekaa ndani ya uwanja wa hospitali ya serikali, na madaktari hutoka wodi ya watoto na kuingia maabara kwa miguu. Mpelekeni Ulaya pia, hakuna dhambi. Lakini asiondoke bila kamba.

Kamba ina nyuzi tatu. Uzi wa kwanza ni swali: aondoke na swali la Maniema na data za Maniema, asipewe huko swali la panya wa profesa. Uzi wa pili ni walimu wawili, mmoja wa kule na mmoja wa hapa, na miezi ya masomo igawanywe kati ya huko na nyumbani. Uzi wa tatu ni kiti: barua iliyotiwa sahihi kabla ya safari, inayotaja kazi, mshahara na meza vitakavyomngoja. Watu hulaumu vijana kwa kutorudi, na mara nyingi kijana aliangalia nyuma akaona hakuna mtu aliyemwekea hata benchi.

Muyembe alimaliza udaktari Lovanium, Kinshasa, mwaka 1969, akaenda Leuven, Ubelgiji, akapata uzamivu wa virusi mwaka 1973, akarudi. Miaka mitatu baadaye, 1976, serikali ilipotafuta mtu wa kupeleka Yambuku kwenye ugonjwa usiojulikana, alikuwepo nchini wa kupelekwa. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo, akanawa kwa sabuni na maji, akamleta mtawa mgonjwa Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Ubelgiji, ambako kirusi kipya, Ebola, kilianza kuonekana. Taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba, INRB, ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1984, naye akaja kuiongoza kwa miaka mingi. Kurudi kwa mtu mmoja kuliwapa kazi na mafunzo vijana wengi walioendesha jaribio la Ebola la 2018.

Na kamba inaweza kuwa fupi kuliko mnavyofikiri. Daktari Denis Mukwege alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika chuo kikuu cha Brussels mwaka 2015, akiwa na miaka 60, kuhusu fistula za wanawake aliokuwa akiwapasua katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Swali lake halikuondoka wodini hata siku moja.

Hatua ya 7: Hakikisheni jina lake liko juu ya karatasi

Miaka ya 1970, kule Kasongo, kusini mwa Kindu, madaktari kutoka taasisi ya tiba ya tropiki ya Antwerp na wauguzi Wakongo waliendesha mradi wa afya uliounganisha hospitali na vituo vya vijijini. Waliwafuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na mwaka 1981 wakachapisha katika The Lancet kwamba waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi. Mjadala uliofuata, kama chanjo huokoa maisha au huahirisha kifo tu, ulienea duniani kwa miaka, na Kasongo ilitajwa katikati yake. Mpangilio wao wa huduma ulikuwa miongoni mwa mifano iliyoiongoza Zaire kujigawa katika zoni za afya 306 miaka hiyo ya 1980. Makala ilitiwa sahihi kwa jina la kikundi kizima, Timu ya Mradi wa Kasongo.

Kikundi ni jambo jema. Lakini kijana wa Kindu anayesoma makala ile leo anahitaji kuona majina, ajue kwamba mtu mwenye jina la nyumbani kwao anaweza kukaa pale juu. Kwa hiyo kabla sampuli ya kwanza haijapanda ndege, andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: nani anatunza sampuli, nani anachambua, nani anaandika kwanza, nani anafundishwa nini, na mashine inabaki wapi mgeni akiondoka. Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za Ebola za Kongo zitabaki Kongo. Februari 2020 INRB ilifungua maabara Goma. Na aina mpya ya kirusi cha mpox ilipoonekana Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ripoti iliyotoka katika Nature Medicine mwaka 2024 ilikuwa na Mkongo wa INRB, Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki, kama mwandishi wa kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: na mwenyeji apone akiwa na jina.

Hatua ya 8: Jibu lirudi kitandani, hata likiwa "hapana"

Tunda iko katika eneo la Kibombo, mbali na lami yoyote. Ina hospitali iliyoanzishwa na misheni ya Wamethodisti. Kuanzia Oktoba 2022 hospitali hiyo na ile ya Kole, Sankuru, zilipokea wagonjwa wa mpox katika jaribio lililoongozwa na INRB pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, NIAID. Watu 597 waliingia. Wengine walipewa tecovirimat, wengine kidonge kisicho na dawa, na wote walilazwa kwa siku zisizopungua 14.

Agosti 2024 jibu lilitangazwa: tecovirimat haikufupisha siku za vidonda. Lakini kulikuwa na jibu la pili ndani yake. Katika makundi yote mawili walikufa 1.7 katika kila 100, wakati kawaida nchini ilikuwa 3.6 au zaidi. Watu waliolazwa, wakalishwa, wakapewa maji, wakatibiwa maambukizi mengine na kuangaliwa vizuri, waliishi zaidi, wawe walipata dawa au hawakupata.

Fundisheni "hapana" hii kwa kila mwanafunzi wa Kindu. Imewaokoa watu na matumaini ya gharama kubwa, na imeonyesha kwamba muuguzi, uji na maji safi ni tiba inayopimika. Kisha mwulizeni kijana maswali mawili: nani alirudi Tunda kuwaeleza wagonjwa, na kitanda kipi Maniema kimebadilika kwa sababu ya jibu hilo? Utafiti uliomalizika jaridani umefika nusu ya njia.

Anzeni mwaka huu wa masomo

Kitivo kiteue wanafunzi wanne wasumbufu, wawili wawe mabinti. Hospitali kuu iwape ufunguo wa chumba cha madaftari na meza moja yenye taa ya sola. Profesa mmoja akae nao kila Ijumaa, awaambie alipowahi kukosea. Zoni ya afya iwape swali lake gumu kuliko yote, lile ambalo mganga mkuu hujiuliza usiku. Mkoa uandike mstari mmoja mpya kwenye bajeti, mdogo kiasi cha kutoshtua mtu, na uulipe kwa tarehe. Mwaka ukiisha, wanafunzi wasimame mbele ya mamama wa Alunguli na Kasuku, waeleze kwa Kiswahili walichokuta, na wajibu maswali mpaka yaishe.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayetegemea maswali ya wengine hutibiwa magonjwa ya wengine. Homa za Maniema zina tabia zake, mto wake, misimu yake na watoto wake. Wanaostahili kuzichunguza wamekaa sasa hivi kwenye benchi la nyuma la ukumbi wa mihadhara, mkono juu. Wapeni nafasi ya kuuliza, na mishahara yao ilipwe.